Fuma, Vuma

Bogumiła Stachura alizaliwa chini ya mtambo wa kufuma.
Sitii chumvi: mama yake alishikwa na uchungu
zamu ya usiku, safu ya nne, kiwanda cha pamba cha Łódź,
mji wenye jina la mashua
na kijito ambacho bata wawili hawawezi kupishana.
Mitambo mia mbili. Hakuna uliozimwa kwa ajili yake.
Ndiyo maana, aliniambia, kimya hunitia kichefuchefu.

Mimi nilikuwa mshika wembe wake
miaka kumi na tisa, redioni, ghorofa ya chini kabisa,
ukuta mmoja na tanuri la kupasha jengo joto.
Mchana tulipika mvua ya michezo ya kuigiza:
mbaazi kavu juu ya sinia.
Moto ulikuwa karatasi ya peremende.
Usiku tuliiba.
Tuliokota tepu zilizotupwa, hotuba za mawaziri waliokwisha kuachishwa kazi,
tukazikata vipande vya ukubwa wa kucha,
tukatupa maneno, tukabakiza pumzi.
"Huyu," akasema, "anapumua vizuri kuliko anavyosema."
Pumzi mia tatu tukaziunganisha kwa gundi,
tukazipunguza mwendo, tukazipunguza tena,
hadi zikawa ngurumo ya mbali
isiyokusudia kuleta mvua.

Onyesho la kwanza: Februari, ukumbi wa madereva wa tramu.
Watu kumi na mmoja.
Watatu waliondoka; mmoja akarudi kuchukua kofia,
akasimama mlangoni nayo mkononi,
akasahau kuondoka tena.
Gazeti likaandika: *Friji bovu.*
Alikikata kipande hicho kwa wembe wangu
akakibandika juu ya swichi kuu.

Mama yake alikuja mara moja tu,
Jumapili, na mfuko wa matufaha.
Mitambo ilikuwa imeshamla masikio yote mawili.
Akavua glavu, akaweka kiganja kwenye spika
kama anayepima homa ya mtoto,
akakaa hivyo dakika arobaini na saba. Kipande kizima.
Kisha akainua vidole vinne.
Safu ya nne.
Bogumiła akatoka nje kuvuta sigara.
Hakuwa mvutaji.

Ngoma ivumayo haidumu, husemwa.
Yake ilivuma chini chini,
kama sufuria iliyosahauliwa jikoni.
Kati ya kufuma na kuvuma kuna herufi moja,
na humo ndimo alimoishi,
kwa mshahara wa fundi daraja la tatu.

Hospitali moja ilimwomba muziki wa korido.
Wagonjwa wakalala, sawa.
Wauguzi nao wakalala.
Mkataba ukavunjwa.
Baadaye studio ikafungwa, mashine zikauzwa kwa kilo,
na yeye akafundisha watoto akodioni
miaka kumi na mitano, polka ileile,
bila kunung'unika, au labda alinung'unika
kwa sauti ambayo sisi hatukuifikia.

Halafu wakaja vijana wa Berlin, ndevu hadi kifuani,
wamenunua tepu zetu kwenye soko la vitu chakavu.
Wakamwita mama wa muziki wao.
"Nina paka," akawajibu. "Sijazaa."
Lakini alikwenda. Umri wake themanini na moja,
jukwaani na ndara za nyumbani,
watu elfu mbili wamelala chali sakafuni
kama pamba iliyomwagwa.
Alinipigia simu usiku ule:
"Ignacy, hakuna aliyerudi kuchukua kofia."
Sikujua kama anafurahi.

Machi hii nimekwenda kuhamisha vitu vyake.
Paka amechukuliwa na jirani. Pazia zimetolewa.
Mwenye nyumba anazunguka akichomoa nyaya,
taa, redio, birika,
anafika jikoni, ananyoosha mkono.
Ngoja, nikamwambia.
Friji lilikuwa tupu, mlango wazi kidogo,
linavuma noti karibu na fa, inayoyumba.
Akaangalia saa yake.
Nikavuta kiti.